Mdudu Gani Ataishi Kwenye Baridi Hii?

Siku hizi Abrahamu Mgaya akiulizwa ni mtu gani mjinga kuliko wote aliowahi kukutana nao, hapotezi muda kufikiri. Anasema humkuta kila asubuhi kwenye kioo, akinyoa ndevu, na mtu huyo hata hana haya, anamtazama tu. Watu hucheka, naye hucheka nao, kisha huanza kusimulia habari ya maji. Haruki sehemu hata moja, hasa zile zinazomdhalilisha.

Anafanya kazi kwenye chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Makambako, na kazi yenyewe ni kutunza mabwawa ya majitaka. Yako matatu, yamefuatana kwenye mteremko. La kwanza hupokea kila kitu kinachotoka kwenye vyoo vya wanafunzi mia nne na halihitaji kuelezwa zaidi. La pili ni la kijani. La tatu limetulia, hata bata maji hushuka humo, na maji yake yakishakaa juani kwa majuma kadhaa hutoka kwa mfereji kwenda kunywesha msitu wa mikaratusi. Abrahamu hufyeka nyasi za kando, huopoa takataka kwa reki ndefu, na kila baada ya miezi mitatu huchota maji ya bwawa la tatu kwenye chupa ndogo za maabara, huziandika tarehe na kuzikabidhi zipelekwe kupimwa. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo majirani zake kijijini wamekuwa wakimwita mtaalamu wa maji. Hakuwahi kuwasahihisha.

Mwaka ule wa korona aliona kwenye simu habari kwamba kirusi kimekutwa kwenye majitaka ya mji fulani wa ng'ambo. Habari ilikuwa ndefu na bando lilikuwa linaisha, kwa hiyo alisoma mistari miwili ya juu akaridhika kuwa ameelewa. Kesho yake alikwenda kazini amevaa koti la mvua, gambuti, glovu mbili mbili kila mkono na barakoa mbili, na juu ya hayo yote miwani ya kuchomelea vyuma aliyoazima kwa fundi mmoja. Miwani ile ilikuwa nyeusi kiasi kwamba alilisikia bwawa la pili kabla ya kuliona, yaani alilisikia lilipoingia ndani ya gambuti la kushoto. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamekaa kwenye ukuta wakila miwa. Walimpigia makofi.

Miwani aliirudisha, lakini woga ulibaki. Miaka ikapita, watu wakasahau hata mahali walipotupa barakoa zao, na Abrahamu bado alisalimia kwa kiwiko. Akirudi nyumbani na pikipiki yake kuukuu, nusu saa kwa barabara ya kwenda Njombe, aliingia kwanza kwenye banda la kuku, akavua nguo zote za kazi, akajisugua kwa sabuni ya unga huku kuku wakimtazama kwa mashaka. Alipotoka hapo akitetemeka, alikwenda moja kwa moja kwenye chemchemi yake, akachovya kikombe cha bati cha rangi ya bluu, akanywa bila kushusha pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya bonde, "Haaa."

Chemchemi hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ilitoka chini ya jiwe kwenye ukingo wa bonde, juu kidogo ya vinyungu, zile bustani za bondeni ambako mkewe Tabea hulima mboga wakati wa kiangazi. Abrahamu aliizungushia mawe, akaweka kipande cha bomba, akapanda mauapori pande mbili. Maji yake yalikuwa maangavu na ya baridi kali, yaliyotia meno ganzi. Nyumba sita za jirani zilichota hapo, na hakuna hata moja iliyochemsha, kwa sababu mtaalamu alishawaambia haina haja. Wadudu wa magonjwa, aliwaeleza, ni viumbe vya joto. Ndiyo maana kipindupindu unakisikia huko chini kwenye joto, hukisikii huku kwetu ambako mwezi wa sita majani ya viazi yanaungua kwa baridi. Kisha alimalizia kwa swali ambalo halikuhitaji jibu: mdudu gani ataishi kwenye baridi hii? Aliuliza hivyo kwenye vikao vya kijiji, kwenye misiba na mara moja kanisani, wakati wa matangazo. Jirani yake Fidelis alilipenda swali hilo mpaka akalifanya lake.

Basi mwezi wa sita mwaka jana mkwewe Priska alikuja kukaa nao pamoja na mtoto wake Erica, wa mwaka mmoja na nusu. Brayson, mtoto wa Abrahamu na mume wa Priska, alikuwa akiendesha lori la mbao na hakuonekana nyumbani majuma mazima. Priska alikulia Bulongwa, karibu na hospitali, na mama yake alikuwa mhudumu wa wodi kwa muda mrefu. Asubuhi ya kwanza, kabla hajaulizwa kama amelala salama, alibandika sufuria kubwa jikoni, akachemsha maji mpaka yakatokota hasa, akayamimina kwenye chupa ya chai na kwenye ndoo yenye mfuniko. Maji hayo, alimwambia mama mkwe wake kwa adabu, ndiyo atakayokunywa Erica.

Abrahamu alikuwa mlangoni. Alitabasamu. Ndani yake aliumia kama mtu aliyemkaribisha mgeni chakula, mgeni akatoa chake mfukoni.

Hakutaka kuonekana mzee wa makelele mbele ya mke wa mwanawe. Lakini alijiambia kuwa mtoto wa Kibena hawezi kukua kwa maji yanayonuka moshi. Kila asubuhi, Priska akiwa anamenya viazi na Tabea anakamua ng'ombe, babu alimbeba mjukuu wake kwenda kumwonyesha mauapori. Alimvika kofia ya sufu, akamfunika kwa koti lake, wakachuchumaa wote wawili kando ya jiwe. Alichovya kikombe cha bluu, akampa mafunda mawili matatu. Mtoto alikunja uso kwa baridi, mabega yakapanda mpaka masikioni. Babu akanywa yaliyobaki, akasema, "Haaa," na Erica akamtazama kwa makini kama mwanafunzi. Siku ya tano naye alisema haaa. Abrahamu alimrudisha nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu yeyote.

Siku ya kumi na moja Erica alitapika uji. Mchana alianza kuharisha maji matupu, na kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na akilia machozi hayatoki. Kwa Abrahamu machozi yale ambayo hayakutoka yalikuwa jambo la kutisha kuliko yote. Alimpakia Priska na mtoto kwenye gari la jirani, yeye na Tabea wakafuata kwa pikipiki, mpaka hospitali Njombe.

Njiani alishampata mwenye kosa. Ni yeye mwenyewe, na hapo alikuwa sahihi kabisa, ila alikuwa sahihi kwa sababu zisizo zake. Aliamini amekibeba kirusi cha korona kutoka mabwawani, pengine kwenye ukucha, pengine kwenye uzi wa kofia. Mbele ya daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alieleza habari ya mabwawa matatu, glovu mbili mbili, banda la kuku na mji ule wa ng'ambo. Daktari alimsikiliza huku mikono yake ikitafuta mshipa kwenye mkono wa Erica. Alipoupata na dripu ikaanza kutembea, alimwambia mzee kuwa hii siyo korona. Korona huenda kwa pumzi. Mabaki yake huonekana kweli kwenye majitaka, na wataalamu huyapima ili wajue ugonjwa umeingia mji gani, lakini mpaka leo yeye hajasikia mtu aliyeupata kwa kunywa maji. Huyu mtoto ana kuhara kunakoletwa na virusi vingine, vya tumboni, na hivyo ndivyo vinavyopita kwenye maji na mikono. Kadi ya kliniki ilionyesha amepata chanjo zote, akasema, na bila shaka zimemsaidia.

Kisha akauliza, "Mtoto anakunywa maji gani?"

"Ya kuchemsha," Priska akajibu. "Nachemsha mwenyewe. Hajawahi kunywa mengine."

Daktari aliandika. Akauliza tena, kwa upole, habari za kunawa mikono baada ya kumbadilisha mtoto, habari za vyombo, nani anamlisha. Kila swali lilikwenda kwa Priska. Tabea naye, ambaye si mtu mbaya, akasema kwa sauti ya chini kwamba wasichana wa siku hizi hushika simu na mtoto kwa mkono uleule. Priska aliangalia mikono yake. Alianza kulia bila kutoa sauti, na machozi yake yeye yalitoka mengi.

Abrahamu alikuwa amesimama pale na ulimi mdomoni. Mtu aliyehubiri habari za maji kanisani wakati wa matangazo hakupata neno hata moja la kusema juu ya vikombe kumi vya asubuhi. Kila alipotaka kufungua mdomo alijiuliza, na kama siyo maji? Maji yale ni ya baridi. Mdudu gani. Hapo ndipo, akisimulia, husema wazi kuwa alimwona Priska akilia, na bado akakaa kimya.

Kesho yake Erica alikuwa na nafuu. Muuguzi aliwapa ORS iliyokorogwa kwenye kikombe, akamwomba mmoja wao ampe mtoto kidogo kidogo. Priska alikuwa amechoka, akampa kikombe baba mkwe. Abrahamu alichuchumaa kando ya kitanda kama alivyozoea kuchuchumaa mahali pengine. Erica alikunywa mafunda mawili, akapandisha mabega mpaka masikioni ingawa maji yalikuwa ya uvuguvugu, akamtazama babu yake usoni.

"Haaa," akasema.

Tabea alicheka kwa furaha, akasema mtoto amerudi. Priska hakucheka. Alimwangalia mtoto, akakiangalia kikombe, akamwangalia Abrahamu. Sauti ile aliifahamu. Aliisikia kila jioni kutoka bondeni, na nyumba nzima ilijua ni ya nani na hutolewa wapi. Alingoja mpaka Tabea alipotoka kwenda kununua ndizi.

"Baba," akasema, "mimi sitasema. Utasema mwenyewe."

Abrahamu alimwambia daktari siku ileile. Daktari hakumfokea, na Abrahamu hudai kuwa angemfokea ingekuwa nafuu. Jioni alimwambia Tabea, wakiwa kwenye benchi la nje. Tabea aliinuka, akarudi wodini, akamshika Priska mkono na kumwomba radhi kwa Kibena, ambacho Priska, Mkinga wa watu, hakukielewa vizuri, lakini alielewa. Tabea alimwacha mumewe benchini. Ilikuwa baridi, na hakumletea koti.

Mtoto alipona. Wiki iliyofuata alikuja bibi afya wa kata, Conjesta, mwanamke mfupi mwenye begi la mgongoni. Alitembea kuizunguka chemchemi mara moja, akapanda mteremko hatua ishirini na tano, akasimama mbele ya choo. Akauliza kimechimbwa lini. Abrahamu akajibu kuwa miaka minne iliyopita, alipokihamisha kutoka kule nyuma ili apate nafasi ya kupanda miche ya parachichi. Akauliza shimo lina kina gani. Abrahamu, kwa mazoea tu, akajibu kwa kujivuna kuwa ni refu, alilichimba mpaka akakuta udongo wenye majimaji. Maneno yalipokwisha kutoka aliyasikia.

Conjesta alichukua chupa ndogo za maabara. Abrahamu alizitambua, ni zilezile. Alijua jinsi ya kuzishika bila kugusa mdomo wa chupa, jinsi ya kuandika tarehe, jinsi ya kuziweka kwenye baridi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezijaza maji ambayo hakuna mtu angeyanywa, na maji aliyoyanywa kila siku hakuwahi kuyajazia hata moja. Alimsaidia bibi afya kuchota.

Majibu yalisema kuna vijidudu vya kinyesi. Conjesta alimweleza kuwa virusi vyenyewe hawana chombo cha kuvionea huku, ni vidogo mno, kitambaa cha kuchujia havikioni. Lakini kinyesi kikiwa kimepata njia, na virusi vimepata. Abrahamu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, baridi je?

"Mzee, nyama ukitaka isiharibike unaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Basi na virusi ni hivyo. Kwenye maji ya joto na jua kali vinachoka upesi. Kwenye baridi yako hii vinakaa majuma, vimetulia, vinamsubiri mtu. Moto ndio unaoviua."

Akaongeza kuwa mabwawa yake kule kazini, aliyoyavalia koti la mvua, jua na muda huua sehemu kubwa ya virusi humo. Siyo vyote, kwa hiyo glovu asiziache na maji hayo yasimwagiwe mboga za kuliwa mbichi. Lakini anayeyatunza anayatunza vizuri. Abrahamu anasema hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa kazini, na alipewa siku ambayo hakuwa na uso wa kuipokea.

Kilichobaki kilikuwa nyumba sita. Alipita mlango kwa mlango. Aliwaeleza juu ya baridi na friji, juu ya vitambaa vya kuchujia, juu ya udongo wenye majimaji. Alizungumza vizuri, kitaalamu, na alipomaliza hakuna aliyebandika sufuria. Kuni ni kazi, na mtaalamu mwenyewe aliwaambia haina haja. Alijua kwa nini hawasikii. Kwenye maelezo yote hayo alisema mtoto aliugua, alisema maji yalipimwa, alisema choo kiko vibaya. Kikombe cha bluu hakukitaja hata mara moja. Na kijijini bado walikuwa wakisema Mkinga yule wa Brayson alimsababishia mtoto ugonjwa kwa uchafu wake, na Priska akipita na ndoo walisalimia kidogo tu.

Jumamosi moja alimkuta Fidelis kwenye chemchemi, ameinama, anajaza dumu. Pembeni alikuwa mjukuu wake Benno, wa miaka miwili, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, anasubiri zamu yake. Abrahamu akatoa salamu, "Kamwene." Fidelis akaitikia. Abrahamu akamwambia tena kuhusu kuchemsha.

Fidelis alicheka kwa upendo kabisa. "Mzee Abrahamu, mdudu gani ataishi kwenye baridi hii?"

Alilisema vilevile kama yeye, hata mkono ulipanda palepale alipozoea kuuinua. Benno aliinua kikombe chake, Fidelis akakichovya, akampa. Abrahamu aliona mabega ya mtoto yakianza kupanda kwa ubaridi wa kikombe tu, kabla hajakifikisha mdomoni, na hakuwa na utaalamu tena.

"Mimi ndiye niliyempa Erica maji haya," akasema. "Kila asubuhi, kwa siri, kwa kikombe changu. Mama yake alikataa, mimi nikamwibia. Nikaenda hospitali nikakaa kimya wakamlaumu yeye. Mimi, Fidelis. Choo kile pale juu ni changu."

Fidelis alimtazama. Cheko lilibaki usoni kwa muda kidogo bila kazi, kisha likaondoka. Alikichukua kikombe kutoka mikononi mwa Benno, ambaye alipiga kelele, akakimwaga kwenye nyasi. Kisha akalilaza dumu, likaanza kumwaga lita ishirini polepole, na wote watatu wakasimama kuangalia mpaka likaisha.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," Fidelis akasema.

Habari ilifika nyumba tano nyingine kabla ya saa sita mchana, imeongezwa chumvi, na Abrahamu hakuisahihisha. Jumatatu wanaume wanne walikuja na majembe kumsaidia kufukia choo na kuchimba kingine upande wa chini, mbali, katikati ya miche yake ya parachichi. Walimcheka siku nzima, na aliwaandalia viazi. Wanawake walianza kusimama tena na Priska njiani, na mmoja akamwuliza maji yachemke kwa muda gani. Priska akamwambia yatokote hasa, siyo kutoa moshi tu.

Jioni hiyo Abrahamu alirudi kutoka banda la kuku, amenawa, anatetemeka. Miguu yenyewe ilianza kwenda bondeni, akaikatalia. Aliingia jikoni. Priska alichukua kikombe cha bluu kutoka msumarini, akamimina maji ya kwenye ndoo yenye mfuniko, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkwe. Yalikuwa ya uvuguvugu, yananuka moshi, hayana ladha yoyote ambayo angeweza kuisifia mahali popote.

Alikunywa yote. Alipoteremsha kikombe alimwona Erica amesimama mbele ya magoti yake, kidevu juu, anasubiri. Abrahamu alimtazama Priska, ambaye alikuwa amempa mgongo, anakoroga ugali.

"Haaa," akasema taratibu, na mgongo wa Priska ukaanza kutikisika kwa kicheko.